Louie Simmons hakumtoza mtu ada: kocha wa Ohio aliyetufikia hadi Makorora, Tanga

#1 Mleta uzi

Habari zenu wanajamvi.

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye jimu moja ya uani huku Tanga, nikamkuta kijana anapiga skwati kwa namna iliyonifanya nisimame. Nyuma yake kaweka kreti la soda, juu yake mbao mbili. Anashuka polepole, anakaa kabisa kwenye mbao, anatulia kidogo, halafu anachomoka kama kashtuliwa. Kwenye nondo, kila upande, unaning'inia mnyororo wa kufungia magogo, mkia wake umelala sakafuni. Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akasema kaka yake. Na kaka yake je? Hajui. "Hapa ndivyo tunavyofanya siku zote, bro."

Nilirudi nyumbani sina raha. Simlaumu yule dogo, tangu lini mtu akauliza kitasa kimebuniwa na nani kabla ya kufunga mlango? Ila mimi najua lile kreti limetoka wapi, na nimekaa na habari hii tangu 24 Machi 2022, siku aliyofariki Louie Simmons, Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, akiwa na miaka 74. Siku ile nilitaka kuandika nikashindwa. Leo naandika. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi usiku.

Louie alikuwa mnyanyuaji wa pawalifti, yaani skwati, benchi (kulala chali na kusukuma nondo juu) na dedilifti (kuinua nondo kutoka sakafuni mpaka usimame wima). Jimu yake iliitwa Westside Barbell. Ukisikia jina hilo utadhani limetokana na upande wa magharibi wa mji wake, lakini hapana. Jina kalichukua kwa kikundi cha wanyanyuaji wa Culver City, California, kilichokuwa na kina Bill West na George Frenn miaka ya 1960. Yeye alikuwa kijana wa Ohio, alikuwa akisoma makala zao kwenye majarida, na huko ndiko alikookota skwati ya kukalia boksi. Alipopata jimu yake mwenyewe akaipa jina la watu waliomfundisha kwa maandishi bila kumfahamu. Kwangu mimi hilo tu linatosha kunieleza alikuwa mtu wa aina gani.

Ile jimu hukuweza kwenda tu ukajiunga. Ulialikwa. Ukishaalikwa, hulipi. Hakuna ada ya mwezi wala ya kiingilio. Ulichotakiwa kuleta ni kufika kwa wakati, kuwasaidia wenzako kupakia na kupakua vyuma, na kuzidi kuwa na nguvu. Ukidorora, wenzako wanakuambia usoni. Walitoka humo watu kama Chuck Vogelpohl, Matt Dimel, Dave Tate, Amy Weisberger na Laura Phelps, na wengine wengi, baadhi yao wakishika rekodi za dunia za zama zao.

Na kwa sisi tusioweza kualikwa, aliandika. Makala zaidi ya 100 kwenye jarida la Powerlifting USA, mwaka hadi mwaka, akimwaga kila alichokuwa anajaribu: seti ngapi, asilimia ngapi, kipi kimefaulu, kipi kimewaumiza watu. Simu ya jimu ikiita alikuwa anapokea mwenyewe. Kocha wa shule ya sekondari, mwanajeshi, mtu wa nchi nyingine kabisa, unapiga, unauliza, anakujibu. Washindani wake walikuwa wanasoma siri zake kabla wino haujakauka.

Naendelea chini.

#2 Mleta uzi

Alikipataje hicho alichokuwa anakigawa? Kwa kuvunjika.

Mwaka 1973 alivunja pingili ya 5 ya kiuno. Akatembelea magongo kwa miezi. Akapona kiasi, akarudi kwenye chuma, na mwaka 1983 mgongo ukavunjika tena. Madaktari walitaka kumpasua, akakataa. Hapo ndipo alipokaa chini kusoma. Alikuwepo Mmarekani anaitwa Bud Charniga ambaye alikuwa akitafsiri vitabu vya makocha wa Kisovieti. Louie akavinunua, akavisoma kwa miaka, akavijaribu mwilini mwake na kwa vijana wake.

Humo akakuta, kwa mfano, jedwali la Prilepin, linalosema mzigo wa asilimia fulani ya uwezo wako unatakiwa kuunyanyua mara ngapi kwa siku ili upate faida bila kujichosha bure. Ukiwa kwenye asilimia 80 hadi 89, kama mara 15 kwa jumla zinatosha. Akakuta pia, kwa Zatsiorsky, mtaalamu mwingine wa Kisovieti, kwamba njia za kujenga nguvu ni tatu: kunyanyua mzigo wa mwisho unaouweza, kunyanyua mzigo mwepesi kwa kasi yako yote, na kurudia mzigo wa kati mpaka uchoke.

Kazi ya Louie ilikuwa kuzipanga zote tatu ndani ya wiki moja. Siku nne. Jumatatu, miguu na mgongo kwa mzigo mzito. Jumatano, kifua kwa mzigo mzito. Ijumaa, skwati ya kasi. Jumapili, benchi ya kasi. Kati ya siku nzito na siku ya kasi ya sehemu ileile, angalau saa 72 za kupumzika. Baada ya zoezi kuu unashughulikia udhaifu wako: misuli ya nyuma ya paja, mgongo wa juu, tumbo, misuli ya nyuma ya mkono.

Siku nzito zina jambo moja ambalo wengi hulikosea. Hurudii zoezi lilelile kila wiki. Wiki hii skwati ya boksi la chini, wiki ijayo dedilifti ukiwa umesimama juu ya kibao, wiki ya tatu kuinama na nondo begani. Sababu ni kwamba mtu akisukuma zoezi moja hadi mwisho wake kila wiki, baada ya wiki tatu hivi mwili unagoma, nguvu inarudi nyuma. Ukibadilisha zoezi unaweza kupambana na mzigo wa mwisho mwaka mzima.

Siku ya kasi nayo: seti 10 hadi 12 za skwati, kila seti mara 2 tu, mzigo wa asilimia 50 hadi 60, mapumziko dakika moja au chini. Mtu akiona anasema huu mchezo. Asubiri seti ya 8.

Sasa mnyororo. Ukiwa umekaa kwenye boksi, sehemu kubwa ya mnyororo imelala chini, kwa hiyo hujaibeba. Ukianza kusimama, pete moja moja inanyanyuka kutoka sakafuni, mzigo unaongezeka kadiri unavyopanda. Binadamu ana nguvu kidogo akiwa chini na nguvu nyingi akikaribia kusimama, na mnyororo unafuata umbo hilo la nguvu yake. Zaidi ya hapo, haukuruhusu kulegea juu. Lazima usukume mpaka mwisho.

Na kuvuta mzigo kwa kamba kiunoni, kitu ambacho leo kila mtu anakifanya kwa tairi, Louie alisimulia kwamba alikipata kwa Eskil Thomasson, ambaye alimweleza habari za wanyanyuaji wa Finland waliokuwa wakivuta magogo. Angeweza kunyamaza na kujidai kakibuni yeye. Alimtaja mtu.

#3 Mdau wa Mwanza

Mkuu uzi mzuri, lakini tuwe wakweli. Huyu mzee na vijana wake walikuwa wanatumia dawa za kuongeza nguvu. Na zile skwati zao ni za suti, vitambaa vigumu tabaka kwa tabaka vinavyomrusha mtu juu. Leo sisi tunaonyanyua bila suti na bila dawa tunafuata mbinu zake kwa nini? Mimi nilijaribu mwaka mzima, skwati ya boksi ikapanda kilo 30, nilipoondoa boksi nikakuta ya kawaida imepanda kilo 5. Nimekula hasara.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza, umesema kweli na sitaipunguza. Dawa alitumia kwa miaka mingi, na hakuficha, alisema mwenyewe mbele ya kamera. Mimi sikubaliani na hilo, na nawaomba vijana wanaosoma hapa wasiige. Moyo, ini na figo havina duka la vipuri.

Suti nayo ni kweli. Skwati ya miguu mipana ya kukaa nyuma inaendana na suti. Tangu 2013 IPF, shirikisho la pawalifti la kimataifa, lina mashindano ya dunia ya wasiovaa suti, na wengi wanaoshinda huko wanapiga skwati ya kawaida mara nyingi kwa wiki kuliko Louie alivyopanga. Kwa hiyo kama lengo lako ni skwati isiyo na boksi, piga skwati isiyo na boksi. Kreti litumie kama kibadilisho, lisiwe chakula cha kila siku. Hasara yako naielewa, nami niliionja.

Nikiulizwa kilichobaki baada ya kutoa suti na dawa, nitasema kimebaki kingi. Wazo la kutafuta sehemu yako dhaifu na kuishughulikia kabla haijakuumiza. Wazo la siku ya kasi. Wazo la kubadilisha zoezi ili usikwame. Kuvuta tairi. Makocha waliyachukua hayo, wakayapunguza yanayowafaa wanyanyuaji wa suti, wakayapeleka kwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani, raga, riadha, mieleka. Joe DeFranco wa New Jersey aliyarekebisha kwa vijana wembamba wa shule na akayaweka mtandaoni bure, na ratiba nyingi mnazoziona kwenye simu zenu zina damu ya kazi yake hiyo. Dave Tate, aliyelelewa Westside, akaanzisha kampuni yake 1998 na kuandika maelfu ya majibu kwa maswali ya watu asiowajua. Watu wa CrossFit, mtandao wa jimu wa Marekani, nao walimpa Louie kozi nzima ya kufundisha walimu wao.

Na yeye mwenyewe, akiwa amevuka miaka 50, mgongo uliovunjika mara mbili, alisimama na ratili 920 begani. Kama kilo 417. Suti ndiyo, lakini mgongo ni wake.

#5 Mdau wa Kisauni

Kaka, shukrani kwa somo. Mimi niko Mombasa, na hata huku yale makreti yapo. Swali langu dogo: huyo mzee wa Ohio, Makorora alifikaje? Maana kichwa cha uzi kinasema hivyo na bado hujatuambia.

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Kisauni, hapo ndipo penyewe. Nilikuwa nalivuta hili kwa makusudi maana ni zito kwangu.

Mwaka 2006 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, niko nyumbani. Mtaani Makorora alikuwepo mzee, jina sitaliandika kwa kuwa familia yake ipo na ni watu wa haya. Sisi tulimwita Mwalimu. Alikuwa kastaafu kazi za bandarini. Uani kwake, chini ya mwembe, alikuwa na jimu. Nondo lilikuwa bomba la chuma lililojazwa ndani kipande cha nondo halisi ili lisipinde. Vyuma vya pembeni vilikuwa gia za malori na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kila kopo alikuwa amelipima kwenye mizani ya muuza mkaa na kuandika uzito wake kwa rangi nyeupe: 9.5, 12, 17.

Hakutoza. Alikuwa na sharti moja, ukifika unasalimia kila mtu kwa mkono, mkubwa kwa mdogo. Mgeni akija na hela anaambiwa akanunue chaki. Tulikuwa tunaponda chaki za shule kwenye kinu kidogo cha tangawizi, tunapaka viganjani.

Alikuwa na nakala moja ya lile jarida la Powerlifting USA. Fundi mitambo wa meli moja iliyokuwa imetia nanga alimwachia, basi. Jalada lilishatoka, kurasa zimeshikiliwa kwa gundi ya viatu. Ndani kulikuwa na makala ya Louie. Kiingereza cha Mwalimu kilikuwa cha bandarini, anaelewa mizigo na namba, sentensi ndefu zinamshinda. Mimi nilikuwa nimefeli hesabu lakini Kiingereza nilipata C. Akaniambia, "Mwanangu, wewe utakuwa macho yangu."

Basi kila Alhamisi ananipa shilingi elfu mbili, naenda intaneti kafe mjini, natafuta makala za Louie zilizowekwa bure mtandaoni, nachapisha kurasa ninazoweza, narudi. Baada ya alasiri tunakaa kwenye mkeka mimi na yeye. Nasoma sentensi, natafsiri, ananisimamisha. "Hapo rudia." Kulikuwa na maneno hayana Kiswahili. Siku ya mzigo mzito tukaiita siku nzito, rahisi. Siku ya kasi ilitusumbua, mimi nikasema siku ya haraka, akakataa, akasema mtu wa haraka anaanguka, hii ni siku ya kuchomoka. Ikabaki hivyo.

Lipo zoezi la kuweka nondo begani na kuinama mpaka mgongo ulale sambamba na ardhi, halafu unainuka. Westside walilipenda mno. Kwa Kiingereza lina jina la salamu za asubuhi, nikamweleza, akacheka. Akasimama, akaonyesha kwa mikono mitupu: makalio nyuma, magoti yamelegea kidogo, mgongo umenyooka kiasi kwamba ungeweza kuweka bilauri ya maji juu yake isimwagike. Akasema, "Hii ni rukuu, kama kwenye swala." Tangu siku ile sisi tunaita rukuu. Na nakuhakikishia, hakuna maelezo ya kocha yeyote niliyowahi kusoma yanayomweka kijana wa Tanga sawa haraka kama neno hilo moja. Unamwambia "rukuu", mgongo unanyooka wenyewe.

Mikanda ya mpira ya kuvutia tuliikosa, ni ghali. Tulikata tyubu za ndani za tairi za baiskeli na pikipiki. Boksi likawa kreti. Mnyororo ulitoka kwa jamaa wa lori la magogo, naye akawa mwanachama wetu.

Hivyo ndivyo Louie alivyofika Makorora. Hakuna aliyemwita, na hakuna mtu kati yake na Mwalimu aliyetaka kulipwa: fundi wa meli, watu waliopandisha makala, mwenye lori. Labda yule wa intaneti kafe, naye alikuwa ananiongezea ukurasa mmoja mmoja.

#7 Mdau wa Morogoro

Nimesoma #6 mara mbili, machozi yananilenga. Mimi ni mwanamke, nafundisha netiboli shule ya msingi na sekondari, nilidhani uzi huu ni wa wanaume wa vifua. Nimeona umemtaja Amy Weisberger na Laura Phelps. Sikuwa nawajua.

Naomba kuuliza, hili la kuvuta tairi linafaa kwa mabinti wa miaka 14? Wazazi wananiambia nitawaharibu wasije wakazaa.

#8 Mleta uzi

Mwalimu mwenzangu, karibu sana, na usihesabu tena kwamba huu ni uzi wa wanaume. Amy Weisberger alikuwa bingwa wa dunia na alifanya mazoezi Westside kwa miaka mingi katikati ya wanaume wale wakubwa, analala benchi ileile, anapakia vyuma vilevile. Laura Phelps aliweka rekodi za dunia zaidi ya moja.

Kuvuta tairi kunawafaa mabinti wako, pengine kuliko zoezi lolote la mzigo. Ukivuta unatembea mbele tu, hakuna sehemu ya kushusha uzito, kwa hiyo misuli haiumi sana kesho yake na hatari ya kuumia ni ndogo. Chukua tairi la gari dogo, kamba ndefu mita 4 hivi, funga kwenye mkanda mpana au kitenge kilichokunjwa kiunoni. Wavute hatua ndefu, kisigino kitangulie, mita 30, wapumzike, warudie mara 6. Likiwa jepesi weka jiwe au ndoo ya mchanga ndani yake. Wakionekana wamechoka mpaka wanajikunja, siku hiyo imeisha.

Kuhusu kuzaa, waambie wazazi hao wawatazame bibi zao. Ndoo ya lita 20 kichwani kutoka mtoni, kuni mgongoni, jembe, kinu. Walinyanyua kuliko sisi sote na tumetoka matumboni mwao.

#9 Mdau wa Dodoma

Nauliza kuhusu mgongo. Mimi ni dereva wa masafa, kiuno kimekaza, siwezi kuinama kufunga kamba za viatu asubuhi. Nimesoma huyo Louie alijitibu mwenyewe bila kupasuliwa. Alifanya nini?

#10 Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma, kwanza nenda kaonwe na daktari. Nasema hili la kwanza na si kwa desturi tu. Ganzi mguuni, mguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia haja, ukiwa na dalili hizo usijaribu chochote cha mtandaoni, kimbilia hospitali.

Alichofanya Louie ni kubuni mashine. Ni kama meza ndefu ya juu. Unalala kifudifudi, tumbo mezani, nyonga kwenye ukingo, miguu inaning'inia. Miguuni kuna kamba yenye mzigo. Unainua miguu nyuma mpaka inyooke na mwili, halafu unaiachia ishuke na kupita chini ya meza kidogo. Ikipanda, misuli ya kiuno, makalio na nyuma ya paja inafanya kazi. Ikishuka, kiuno kinanyooshwa taratibu, pingili zinapata nafasi. Utofauti wake na dedilifti ni kwamba mgongo haubebi uzito kutoka juu. Miaka ya 1990 akaiandikishia hataza, na leo utaikuta kwenye jimu nyingi kubwa za wanamichezo.

Hiyo mashine aliiuza, na sioni ubaya. Maelezo ya namna inavyofanya kazi aliyatoa bure.

Mwalimu wetu aliifanya kwa meza ya fundi seremala, iliyoinuliwa juu ya matofali. Bila mzigo wowote, miguu mitupu, mara 15, seti 3. Alianza nayo kila mtu aliyekuja analalamika kiuno, hata wasionyanyua chuma. Jioni ungekuta akina mama wa mtaani wamepanga foleni wakisubiri meza.

#11 Mdau wa Mwanza

Nimerudi. Mkuu, nakubali hoja zako nyingi. Lakini kwa anayeanza leo, hajawahi kushika chuma, utampa hii ratiba ya siku nne na mazoezi yanayobadilika kila wiki? Mimi naona atapotea.

#12 Mleta uzi

Sitampa. Hapo tuko pamoja kabisa. Anayeanza hajui skwati, ukimbadilishia kila wiki hatajifunza hata moja. Mpe mazoezi matatu au manne, siku tatu kwa wiki, seti 5 za mara 5, aongeze kidogo kidogo. Mpango wa namna hiyo Bill Starr aliuandikia kitabu 1976 kwa ajili ya vijana wa mpira wa Kimarekani, skwati, benchi na kuvuta nondo kutoka chini hadi mabegani: siku nzito, siku nyepesi, siku ya kati. Hata Mwalimu, mwaka wa kwanza hakukugusisha mnyororo. Ulikuwa unapiga skwati na bomba tupu mpaka aridhike, na alikuwa mgumu kuridhika. Mimi nilikaa na bomba tupu wiki tano.

#13 Mdau wa Kisauni

Na Mwalimu yuko wapi sasa, kaka?

#14 Mleta uzi

Alitangulia mbele ya haki 2017, mwezi wa Ramadhani. Tulimbeba sisi. Jeneza lilikuwa jepesi mno mabegani kwetu, na kila mmoja alilisikia hilo, hakuna aliyesema.

Uani kwake leo kuna vyumba vya kupanga. Mwembe upo. Vyuma viligawanywa, kila mtu kachukua alichoweza kubeba, ndiyo maana utaona makopo yenye namba nyeupe kwenye jimu tatu au nne za Tanga. Kopo la 17 ninalo mimi. Na binti yake alinipa kauntabuku. Ndani yake kuna kila siku ya mazoezi tangu 2004, mwandiko wake wa kulala upande mmoja, jina la mtu, zoezi, kilo, na pembeni neno moja au mawili: "kachoka", "mgongo umepinda, arudi nyuma", "leo kafurahi".

Jana usiku, baada ya swali lako, nilifungua nikaanza kumtafuta kaka wa yule kijana wa Jumamosi. Nilikuwa nalijua jina la ukoo. Ukurasa wa mwaka 2013 nikamkuta. *Skwati ya kreti, kilo 95, mnyororo 2, mara 2 kwa seti 10. Anachomoka vizuri. Rukuu bado.*

Nimeupiga picha ukurasa huo na leo jioni nimempelekea dogo. Kausoma amesimama, akauliza rukuu ni zoezi gani. Nikamwonyesha palepale kwa mikono mitupu, na kesho saa kumi na moja anaanza nalo, bomba tupu.

Mnaotaka zile kurasa nilizochapisha, nazipiga picha Jumapili nikitulia. Ukurasa wa tatu wa makala ya kwanza umeliwa na mchwa, mwenye nao kamili naomba aniletee.